Mama Alipokwenda Kwao, Hatua Arobaini

Jumamosi ya mwisho ya Februari, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimeinama mtaroni na koleo mkononi, pamoja na majirani wa mtaa wetu wa Kicukiro, hapa Kigali, tukizoa tope lililoachwa na mvua za wiki ile. Ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, ambayo hufunga maduka na kuzuia pikipiki kubeba abiria mpaka saa tano. Kwa hiyo nilipoinua macho nikamwona binti yangu Keza akipanda kilima kwa miguu, begi begani na vumbi hadi magotini, nilijua kabla hajanifikia kwamba hakuja kutusalimu. Kutoka mtaa wa Gitega anakoishi na mumewe hadi kwetu si mwendo wa kutembea na mzigo. Mtu mwenye shida inayoweza kungoja angengoja pikipiki.

"Mama, usiniulize mbele ya watu," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Sijakuuliza. Shika koleo."

Alilishika, akazoa tope kando yangu hadi kazi ilipokwisha. Ndipo jirani yetu mmoja alipotoa dumu la urwagwa, pombe ya ndizi, awapoze watu koo. Alilifungua karibu nami, na harufu ikanipanda puani: ndizi zilizoiva kupita kiasi, majani yaliyobabuka kwa moto, na ule ukali mdogo wa mtama uliochachuka. Nilisimama nikiwa na kikombe mkononi bila kunywa. Harufu hiyo ina mahali pake katika maisha yangu, na si mahali pa sherehe.

Jikoni, tulipokuwa peke yetu, Keza alisema mwenyewe. Mama yake Baraka, mume wake, anakuja kutoka Dodoma kukaa nao miezi mitatu. Wenzake Baraka kazini wanajua, jirani anajua, hata muuza maziwa anajua. "Mimi nimeambiwa na muuza maziwa, Mama. Aliniuliza kama lita ziongezwe." Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akatazama sakafu. "Simchukii mama mkwe. Nimechoka kuwa mtu wa mwisho kuambiwa mambo ya nyumba yangu."

Nilimpa chai, nikampa kitanda chake cha zamani. Usiku ule sikumwambia kwamba mimi nimewahi kuishi ndani ya maneno hayo hayo, nikiwa na umri wa miaka kumi, wala kwamba niliyaelewa vibaya kuliko mtu yeyote aliyekuwapo.

Tuliishi Gikondo wakati huo, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya gereji alikofanya kazi Baba. Tulikuwa tumerudi Rwanda kama familia nyingi za miaka ile, kila mmoja na nchi aliyokulia ikiwa bado kwenye ulimi wake. Baba alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, miongoni mwa ng'ombe. Mama alikulia Mbarara, Uganda, mjini, binti wa fundi cherehani. Kiswahili cha Baba kilikuwa kirefu na cha adabu. Cha Mama kilikuwa kifupi na kilifika haraka. Wakigombana walitumia Kinyarwanda, ambacho wote wawili walikinyonya kwa mama zao, na wakitania walirudi kwenye Kiswahili. Mimi na mdogo wangu Mutesi tulijua hali ya hewa ya nyumba kabla hata hatujaelewa maneno.

Mama alikuwa na mashine ya kufumia masweta, ya mitumba, iliyosafiri kutoka Mbarara juu ya basi ikiwa imefungwa blanketi kama mgonjwa. Alifuma masweta ya wanafunzi: ya buluu, ya kijani, na yale ya rangi ya damu ya mzee ambayo shule moja ya kanisa iliyapenda. Sauti ya ile mashine, krra kwenda na krra kurudi, ndiyo iliyokuwa saa yetu ya ukutani. Wateja wake walikuwa pale pale Gikondo, akina mama waliopita na watoto wao kupimwa mabega.

Baba alikuwa na ndoto nyingine. Alitaka ardhi, na nyasi, na ng'ombe hata mmoja wa kumwita kwa jina. Alipopata kiwanja Ndera alikizungumzia mwezi mzima, na Mama alidhani ni mazungumzo tu. Ndera ya siku zile ilikuwa mashamba na ukungu, na watu wa mjini walipoitaja walifikiria hospitali ya wagonjwa wa akili. "Huko watu hupelekwa na ndugu zao," Mama alisema akicheka, "hawaendi kwa hiari."

Kisha jioni moja, tukiwa tunakula maharage na viazi, Baba alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Nimeshamwambia mwenye nyumba. Mwisho wa mwezi tunahama. Tunakwenda Ndera."

Mama hakuinua uso. "Umemwambia nani?"

"Mwenye nyumba."

"Na mimi umeniambia lini?"

"Si ndiyo nakuambia sasa, Mama Uwera."

Mama alichukua mwiko, akakusanya maharage yote yaliyobaki chunguni, akayaweka kwenye sahani ya Baba polepole bila kumwaga hata punje. Nilifikiri amekubali. Asubuhi tulipoamka, nguo zake zote zilikuwa ukutani palepale, lakini mashine haikuwapo, na Mama alikuwa akitoka uani.

Katika mila zetu kuna jambo linaloitwa kwahukana. Mke aliyekosewa na mumewe huondoka akarudi kwa wazazi wake. Huko hakimbilii talaka, anakwenda kungoja asikilizwe. Wazazi humpokea. Mume, akishatulia, huja na mtu mzima wa kumsemea na pombe ya ndizi mkononi, akaketi mbele ya wakwe zake, akaeleza alichokosa, na wakikubaliana humchukua mkewe kwa heshima. Lakini wazazi wa Mama walizikwa Mbarara, na ndugu zake walikuwa huko huko. Hakuwa na kwao pa kurudi katika Kigali nzima. Kwa hiyo alijichagulia. Alikwenda kwa Nyogokuru Verediana, bibi mjane aliyeishi chini yetu, ng'ambo ya mtaro, na mjukuu wake Esperansi. Nilizihesabu hatua nikimfuata asubuhi ile: arobaini.

"Mama, nimekuja nyumbani," Mama alimwambia, ingawa hadi siku ile alikuwa akimwita mukecuru, bibi kizee, kama sisi wote.

Nyogokuru Verediana alizaliwa Kigali na katika ujana wake aliuza vitenge Nyamirambo, ndiko alikookota Kiswahili chake. Alimtazama Mama, akaitazama mashine ambayo Esperansi alikuwa amesaidia kuibeba, akasogeza kigoda. "Ingia, mtoto yangu. Chai iko. Maneno iko baadaye."

Sisi tuliambiwa tubaki kwa Baba, na mchana tushuke kula kwa Mama. Hivyo ndivyo yalivyoanza majuma mawili ya ajabu kuliko yote ya utoto wangu. Mama aliketi kwenye baraza ya Nyogokuru akifuma, mbele ya macho ya Baba. Asubuhi Baba akitoka kwenda gereji alilazimika kupita pale. Alivua kofia kama mgeni. "Mwaramutse," alisema, salamu ya asubuhi ya heshima. "Mwaramutse neza," Mama alijibu, macho kwenye uzi. Kisha Baba alikwenda zake, na mashine ikaendelea, krra kwenda na krra kurudi.

Mimi nikawa tarishi. Baba aliniambia, "Kamuulize mama yako chumvi iko wapi." Nilishuka hatua arobaini. Mama akasema, "Mwambie iko ilipokuwa siku zote." Nilipanda. Baba akasema, "Mwambie sikuwahi kuwa na haja ya kujua ilipokuwa siku zote." Nilishuka. Mama aling'ata uzi kwa meno. "Basi mwambie sasa amepata haja." Chumvi niliipata mimi, nyuma ya mkebe wa sukari, ila nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba safari zangu hazikuhusu chumvi.

Jambo nisilolielewa lilikuwa Esperansi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu, mwenye mwanya wa meno na kicheko kilichosikika hadi barabarani. Kila jioni alipanda kwetu na bakuli lililofunikwa kwa sahani, chakula alichotumwa na Nyogokuru ili mimi na Mutesi tusile viazi vibichi vya Baba. Baba alimpokea bakuli kwa mikono miwili. "Asante sana, binti yangu. Mungu akuongezee." Nilimtazama akiosha mikono mara mbili kabla ya kula chakula cha Esperansi, yeye ambaye kwa chakula cha Mama aliosha mara moja. Siku moja Esperansi alisema kitu mlangoni, na Baba akacheka. Hakuwa amecheka tangu Mama aondoke. Niliuweka ushahidi huo kichwani pamoja na mwingine, kama mtoto anavyoweka vifuniko vya soda ndani ya kopo.

Wakati huohuo siku zilikuwa zinakwisha. Juma moja kabla ya mwisho wa mwezi, mwenye nyumba alimleta mwanamke mwenye mimba kubwa akague vyumba. Alipima madirisha yetu kwa mikono yake, shubiri moja, shubiri mbili, akihesabu mapazia. Baba alisimama uani, mikono mfukoni. Mwanamke yule alimuuliza kwa upole, "Mke wako iko wapi, mzee, anionyeshe jiko?" Baba akajibu kwamba yuko kwao. Ilikuwa kweli, na nyuma yake mashine ya Mama ilikuwa ikisikika.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Baba alioga mchana. Alitia mkaa kwenye pasi akanyoosha koti lake la kijivu, lile la harusi na mazishi. Mzee Kabano, msimamizi wake pale gereji, mtu mnene mwenye sauti ya padri, alifika na dumu la urwagwa lililozibwa kwa jani la mgomba. Waliliweka jikoni, wakaenda chumbani kupanga maneno. Na mimi, miezi miwili nyuma, nilikuwa nimeona posa ya jirani yetu wa juu: wanaume wenye makoti, msemaji mnene, dumu lenye jani la mgomba, na mwisho wake msichana alitolewa ndani akiwa amejipamba, watu wakapiga vigelegele. Nikajumlisha vyote nilivyokuwa navyo. Bakuli, kicheko, koti, dumu, na nyumba iliyokuwa na msichana asiyeolewa. Baba alikuwa anakwenda kumposa Esperansi. Na Mama, masikini, alikuwa amekaa baraza ileile akifuma, bila kujua.

Sikulia. Nilikuwa mtoto wa kwanza. Nililiburuta dumu hadi ukutani, nikaling'oa jani, nikaimwaga pombe yote mtaroni. Ilitoka kwa kugugumia, na harufu yake ikajaa uani kiasi kwamba nilidhani wataisikia chumbani. Kisha nikachota maji kwenye pipa la mvua, nikalijaza dumu, nikarudisha jani mahali pake, nikalifuta kwa gauni langu.

Walipotoka nyumbani niliwafuata kwa nyuma, nikazunguka nikaingia jikoni kwa Nyogokuru. Mlango wa kwenda sebuleni ulikuwa pazia tu, na kupitia ufa wake niliona kila kitu. Nyogokuru alikuwa amevaa umushanana, vazi la heshima lililofungwa begani, kama mama mzazi hasa. Mama hakuwapo, alikuwa chumba cha ndani, kama mila inavyotaka, mpaka aitwe. Hilo nalo nililisoma nilivyotaka: wamemficha.

Mzee Kabano alisafisha koo. "Mama, sisi ni wapita njia. Nyumbani kwetu tulikuwa na taa. Imezimika. Tukaona mwanga upande huu."

"Mwanga iko mingi Gikondo," alisema Nyogokuru. "Hata gereji yenu iko na stima. Mbona mmekuja kwa kizee?"

"Mwanga wa kwako, Mama, ndio unaofanana na wetu."

"Ehe. Ongea sasa."

Kwa desturi, aliyeleta pombe ndiye anayeonja kwanza, ili wenyeji wajue hakuna ubaya ndani yake. Mzee Kabano alimimina katika kibuyu, akapiga funda. Nilimwona akimeza. Uso wake haukubadilika hata kidogo, ila masikio yake yalisogea. Akampa Baba. Baba akapiga funda, akakitazama kibuyu, akamtazama Mzee Kabano, akalitazama dumu.

"Vipi?" aliuliza Nyogokuru. "Tamu?"

"Ni nyepesi," alisema Mzee Kabano.

Nyogokuru alinyoosha mkono, akakichukua kibuyu, akakinywa chote hadi chini bila kupumzika. Akajifuta mdomo kwa upindo wa vazi. Kumpelekea mkwe maji kwenye shauri la namna ile ni tusi ambalo watu wamekaa miaka bila kusameheana.

"Mkwe wangu ameleta maji," alisema hatimaye. "Sawa. Mtu analeta maji pale nyumba inaungua. Kaa chini, mkwe, uzime."

Mzee Kabano alifungua kinywa aape kwamba pombe ilitoka mikononi mwake ikiwa pombe, lakini Baba alimshika goti. "Acha, mzee. Nitasema mwenyewe." Alivua kofia aliyokwisha kuivua, yaani aliupeleka mkono kichwani akakuta hakuna kitu. "Mama, sijui maji haya yametoka wapi. Lakini kosa langu najua lilikotoka. Nilitoa neno kwa mwenye nyumba kabla ya kulitoa kwa mke wangu. Niliogopa atakataa. Nikaona nikishalisema nje, litakuwa limekwisha."

Nyogokuru aliita, na Mama akatoka. Nilipomwona ameketi karibu na Nyogokuru kama binti, na Baba akiwa mbele yao kama mshtakiwa, posa yangu yote ilianza kuanguka kichwani, tofali kwa tofali.

"Amekiri," alisema Mama. "Nimesikia, na namshukuru. Lakini tunahama au hatuhami?"

Baba alisema, "Tunahama."

"Basi mimi sihami."

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu niolewe. Watu hudhani kwamba kuombana radhi ndiko kupatana. Kwa wale wawili radhi ilikuwa imeombwa na kupokewa kwa ukweli kabisa, na bado walikuwa mahali palepale, mmoja na ng'ombe wake, mwingine na masweta yake.

Nyogokuru hakubishana nao. "Nenda jikoni, lete pombe yangu mimi," alimwambia Mama. "Wageni iko na kiu, na maji wamekunywa."

Jikoni, Esperansi alikuwa amekwisha kunikuta nyuma ya pazia. Nilimwambia kabla hajaniuliza: nimeimwaga mimi, na hata akiolewa na Baba sitamwita mama. Kwanza alinikodolea macho. Kisha akakaa sakafuni, akauma kanga yake ili asisikike, machozi yakimtoka kwa kucheka. Mama alipoingia akatukuta hivyo.

"Mama Uwera," alisema Esperansi akihema, "muulize binti yako nani anaolewa humu ndani."

Mama alichuchumaa mbele yangu. Nilimweleza yote, hata ya kuosha mikono mara mbili. Hakucheka. Alinishika kidevu, akanitazama kwa muda mrefu, na mikono yake ilinukia sufu ya masweta. "Mimi niliona kwamba nimekwenda hatua chache tu," alisema, kama anayejisemea. "Kumbe wewe ulikuwa unanizika."

Alirudi sebuleni na kibuyu mkono mmoja na mimi mkono wa pili. Akawaambia maji yametoka wapi, na kwa nini. Mzee Kabano alicheka hadi koti likatoka vifungo. Baba alibaki ameduwaa. "Esperansi?" aliuliza, kana kwamba ni jina la mji asioujua.

"Mzee, hata ungeniomba ningekataa," Esperansi alisema nyuma ya pazia. "Unakoroma. Mpaka huku kwetu tunasikia."

Hapo hata Mama alicheka, na alicheka kwa Kiswahili. "Kumbe si mimi peke yangu, Baba Uwera." Lakini alipokwisha kucheka alikuwa mtu mwingine. Alisema, "Nitakwenda Ndera. Si mwisho wa mwezi huu, na si bila mashine yangu, na wateja wangu hawatanifuata shambani. Niambie nitafanya nini na hilo." Kwa mara ya kwanza tangu tupate kiwanja, Baba aliacha kumweleza Mama mambo. Alimuuliza. Alimuuliza wateja huja siku zipi, masweta mangapi hufumwa kabla shule hazijafunguliwa, mashine inahitaji dirisha la upande gani. Nyogokuru alisinzia, au alijifanya kusinzia. Jua lilipokuwa linashuka walikuwa wamefikia jambo.

Baba angerudi kwa mwenye nyumba, kofia mkononi, aombe tukae hadi muhula uishe. Tungejenga Ndera, na chumba cha kwanza kujengwa kingekuwa cha mashine, dirisha likitazama barabara. Jumatano na Jumamosi Mama angeshuka Gikondo kuwapima watoto mabega kwenye baraza ya Nyogokuru. Ng'ombe angekuwa mmoja, si watatu aliokuwa akiwaota Baba. Na neno lolote la nyumba halingetoka nje kabla ya kulala ndani usiku mmoja.

Hawakupata kila walichokitaka, na hawakujidanganya kwamba walikipata. Mama alilia siku ya kuhama, na kwa miaka mingi alisema kwamba baridi ya Ndera imemharibia vidole. Baba hajanunua ng'ombe wa pili hadi leo, na anapopita karibu na zizi la mtu mwenye ng'ombe wengi bado hupunguza mwendo. Wangali pamoja huko, wamezeeka, na Ndera imekuwa mji ukawafuata. Mwenye nyumba alikubali. Yule mwanamke mwenye mimba alikuwa ameshapata vyumba karibu na mama yake. Na jioni ile ya Jumapili tulipanda hatua arobaini, Mama mbele, Baba nyuma yake na mashine begani, akiegemea upande mmoja kwa uzito. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na aibu, na sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa ndani ya mtoto mmoja.

Hayo niliyakumbuka majuma yale ambayo Keza alikuwa kwetu. Mume wangu alitaka kumpigia Baraka simu amgombeze, nilimzuia. Baraka mwenyewe alikuwa ameandika ujumbe mmoja tu, siku ya pili: "Shikamoo Mama. Naheshimu uamuzi wa Keza. Sitamsumbua." Niliusoma kama majivuno. Kila Jumamosi Keza aliosha nywele, akaketi mahali anapoliona lango, na jioni akaingia ndani. Juma la kwanza nilimhurumia, la pili nikamkasirikia mkwe wangu. Juma la tatu lilipokwisha nilijikuta nimejumlisha ushahidi wangu wote dhidi yake, kikamilifu, kama nilivyojumlisha nikiwa na miaka kumi. Ndipo ilipokuja fikra iliyonifanya niache vyombo majini: kijana huyu amekulia Dodoma. Nani alimwambia?

Nilimwandikia siku ileile, kwa mkono, nikampa mwendesha pikipiki tunayemwamini ampelekee.

"Mwanangu Baraka,

Natumaini u mzima na kazi inakwenda vema. Nakuandikia bila Keza kujua, na hili ni la mwisho nitakalolifanya bila yeye kujua.

Ulisema utaheshimu uamuzi wake, nami nilikuona mtu baridi. Nisamehe. Sasa nadhani uliona kwamba mke akiondoka, adabu ni kumwacha. Kwetu mke aliyekwenda kwa wazazi wake anangoja kufuatwa, na mume akikaa kimya, ukimya wake ndio huwa jibu. Wewe umenyamaza kwa heshima, na yeye amekuwa akiusikiliza ukimya huo siku ishirini na mbili. Hakuna aliyekueleza, na mimi ndiye niliyepaswa kukueleza kabla ya harusi.

Njoo Jumamosi hii, saa nne. Njoo na mtu mzima mmoja, asiyependa sana kusikia sauti yake mwenyewe. Mengine yanayotakiwa, muulize mzee yeyote hapo kazini kwenu. Atakucheka kwanza, kisha atakuelekeza.

Sitakuambia nani mwenye haki. Mama yako ni mgeni wetu sote, na hapa kwetu kuna chumba, kama ikifaa agawanye miezi yake kati ya nyumba mbili. Lakini hilo si langu kuliamua, wala si lako peke yako. Ndiyo maana nakusihi, ukishaketi mbele ya mke wako, usianze kwa kueleza ulichokusudia. Anza kwa kumuuliza.

Mimi mama mkwe wako,
Uwera"